Mwanamfalme wa Louisville

Babu yangu alikuwa wa ukoo wa kifalme kule Burundi. Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania na sasa napakia maboksi ghalani hapa Louisville, lakini barua zangu kwa Espe zote nilizitia sahihi "Mwanamfalme wako". Nilikuwa nimeandika tano, sijatuma hata moja. Jumapili iliyopita niliapa kwamba ya sita ataipokea mkononi.

Espe ni katibu wa kanisa la Warundi huko Columbus. Kwa kuwa nasafiri, mchungaji wetu akanipa barua ya salamu ikasomwe kwao, kama desturi yetu. Bahasha mbili nyeupe, mfuko mmoja wa koti, na mimi mjinga sikuandika jina juu.

Ibadani kwao nikaitwa mbele, nikampa Espe bahasha kwa madaha. Akasoma kwa ile sauti ya matangazo: "Malkia wangu, tangu nikuone sili, silali..."

Mama yake akasema kutoka kiti cha mbele, "Malizia, mwanangu. Nani ameandika?"

Espe akatazama chini ya karatasi. "Mwanamfalme wako."

Kanisa zima likageuka kumtafuta mwanamfalme. Hakuna aliyeniangalia mimi na viatu vyangu vya ghalani.

Nilikuwa nimeapa. Nikanyoosha mkono.