Mvumo Ndani ya Ua la Nyanya

Wakonyo alikuwa ameshika nyanya nyingi kuliko mtu yeyote kijijini Endarasha, na bado hakuwa amewahi kuona hata moja ikiota. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mjini Nyeri tangu usichana wake mpaka mvi zikaenea kichwani. Kila asubuhi kreti za nyanya zilishushwa mlangoni pa jikoni, naye akazikata, zikaingia kwenye sufuria za maharagwe, zikaisha. Zilitoka wapi? Zilitoka kwenye gari. Mtu anayesubiriwa na bweni zima lenye njaa hana nafasi ya kuuliza zaidi ya hapo.

Alipostaafu akarudi Endarasha kwa mumewe, Wambugu, baba wa mwanawe Mburu, ndipo nafasi ilipopatikana. Wambugu alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, aliyeijenga nyumba yao kwa mikono yake na kuipenda karibu kama alivyompenda mkewe. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kipande cha ardhi kilichozoea sukumawiki. Wakonyo alikitazama juma zima, kisha akatangaza wakati wa chai kwamba atapanda nyanya.

"Nyanya?" Wambugu aliuliza.

"Nyanya."

"Sawa," akasema, akaendelea kunywa chai.

Si kwamba alikubali. Huko ni nchi ya viazi, karoti na kabichi. Milima ya Nyandarua iko mgongoni, Mlima Kenya uko usoni, na baridi hushuka kutoka pande zote mbili. Jirani yao Watiri, mama mjane aliyelima pale tangu ardhi ile ilipokuwa kichaka, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Mburu, nyanya ni ya watu wa kule chini, kwa joto. Hapa itakufa na nimonia."

Wakonyo alicheka naye, lakini mbegu alikuwa nazo tayari. Siku yake ya mwisho mjini alikuwa amenunua nyanya moja iliyoiva kupita kiasi kwenye kibanda cha mama mboga mtaani Majengo, akaikamua, akazifikicha mbegu kwa jivu na kuzianika juu ya gazeti. Zilikauka zikawa vitu vya bure kabisa, kama makapi yenye manyoya. Alizimwaga kwenye karai la udongo na samadi, akazifunika, akazinyunyizia maji kila jioni huku akijiona kama anayemwagilia jivu.

Asubuhi moja akakuta udongo umepasuka. Vishingo vyeupe vilikuwa vimetokeza vikiwa vimejikunja, kila kimoja kimebeba ganda la mbegu kichwani kama mama aliyebeba mzigo wa kuni. Wakonyo alipiga magoti pale pale, kanga ikalowa umande. Kitu ambacho angekipuliza kikaruka kilikuwa kimeinua bonge la udongo zito mara nyingi kuliko chenyewe. Aliita, "Baba Mburu, kuja uone!" Wambugu akatoka na randa mkononi, akainama, akatazama.

"Imeota," akasema, akarudi kazini.

Lakini Wakonyo alibaki pale mpaka jua likampiga kisogoni. Hakujua amshukuru nani kwanza, Mungu au ile nyanya.

Alihamisha miche bustanini masika yakianza, na hapo ndipo alipofundishwa. Miche ilinenepa, ikatoa majani yenye harufu kali iliyokaa vidoleni. Akinawa mikono, maji yalitoka ya kijani. Kisha ikanyesha mfululizo, mvua nyembamba isiyo na haraka, na ukungu ukalala mpaka saa sita mchana. Madoa ya kahawia yakatokea kwenye majani. Kabla ya Jumapili kufika, bustani nzima ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Watiri alikuja akasimama penye uzio, na safari hiyo hakucheka.

"Pole. Hiyo ni ugonjwa wa blaiti. Hata viazi yangu imeguswa."

Wakonyo aling'oa yote akaichoma moto. Akapanda tena mvua zilipokwisha, akiwa na akili zaidi: akaweka nafasi baina ya mimea, akaifunga kwenye fito kwa kamba za katani, akamwagilia mizizi badala ya majani. Mimea ilipanda hadi ikamfika kifuani. Watiri alimwonyesha jinsi ya kuvunja machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina, ili nguvu iende kwenye shina. Siku moja, akivunja, alishika chipukizi moja nene, zuri, akaona haya kulitupa. Akalichomeka kwenye kikombe cha bati chenye maji, akakiweka dirishani jikoni, akakisahau.

Ukaja mwezi wa Januari, mbingu safi, nyota zikiwa karibu karibu. Watu wa Endarasha huziogopa nyota za namna hiyo. Alfajiri moja Wakonyo alifungua mlango akaona nyasi zote nyeupe, kana kwamba kuna mtu aliyepita akitawanya unga. Mlima ulikuwa wazi kuliko alivyowahi kuuona, kila jino la barafu likimeta, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba kwa muda mfupi alisahau bustani. Kisha akakumbuka. Nyanya zilikuwa zimesimama wima, kijani kibichi, zimeganda. Akadhani zimepona. Jua lilipozigusa zikalegea zote kwa pamoja, zikaning'inia kwenye fito kama nguo zilizolowa.

Wambugu alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Wacha ikae," akamwambia. "Tutapanda viazi."

"Nimechoka, Baba Mburu," Wakonyo alisema, na machozi yakamtoka bila yeye kutaka. Hakulia kwa ajili ya nyanya peke yake. Alilia kwa sababu alijiona mtu aliyetumia maisha kupikia watoto wa wengine, na sasa hata jani halimtii.

Siku chache baadaye, akiosha vyombo, aliinua kile kikombe cha bati amwage maji. Chipukizi halikumfuata kirahisi. Kuna kitu kilikwama. Akalivuta taratibu. Toka kwenye shina lililovunjwa kwa vidole, shina lisilo na udongo wala mbolea wala mtu wa kuliangalia, ilikuwa imeota mizizi. Mizizi mingi, myeupe, imezunguka ndani ya kikombe kama ndevu za mzee. Na juu, majani mapya.

Wakonyo aliketi. Alikishika kile kitu mkononi. Tawi la kutupwa lilikuwa limejifanya mti. Katika mahubiri yote aliyosikia tangu utoto, hakuna lililowahi kumnyamazisha hivyo.

Wambugu aliporudi alimwonyesha. Mzee akavaa miwani yake, akakisogeza kikombe kwenye mwanga. Alikuwa amefanya kazi na miti maisha yake yote, lakini iliyokatwa tayari, ya kupigwa misumari.

"Ati hii haikuwa na mizizi?"

"Ilikuwa kijiti tu. Nilivunja mimi mwenyewe."

Kesho yake Wambugu akaanza kuchimbia nguzo nyuma ya nyumba. Alijenga kibanda kirefu cha mabanzi, akakifunika kwa karatasi ya nailoni mpaka chini, akaweka na mlango wenye bawaba, kwa kuwa hakujua kujenga kitu kisicho na mlango wa heshima. Wakonyo akapanda lile chipukizi ndani. Lilipokua akalivunja machipukizi yake, akayatia majini, yakatoa mizizi nayo. Akapanda hayo, na ya hayo pia. Masika yalipopiga juu ya nailoni, ndani mlijaa nyanya mwanzo hadi mwisho, zote zikiwa zimezaliwa na kijiti kimoja. Wakati mwingine aliingia humo bila kazi yoyote, asimame tu katikati yao.

Maua yakaja, ya manjano, yameinamisha vichwa. Yakachanua, yakanyauka, yakaanguka. Yakaja mengine, yakaanguka pia. Chini ilikuwa kama zulia. Hakuna tunda.

Aliongeza samadi, akapunguza maji, akaongeza maji. Aliomba. Watiri alipoingia akavuta pumzi, akajipepea kwa ncha ya leso.

"Umeifungia kama mgonjwa wa TB. Hakuna upepo, hakuna hata mdudu. Fungua hizi pande, mama."

Wakonyo alikunja nailoni ya pembeni ikapanda mpaka kiunoni wakati wa mchana. Nyuki wa asali waliingia, wakayagusa maua, wakaondoka kama wateja wasioona walichokuja kununua. Maua yakazidi kuanguka.

Wakati huo huo Wambugu alikuwa na vita vyake. Kwenye boriti za upenu wa nyumba palikuwa na nyuki weusi wakubwa, wenye mshipi wa manjano mgongoni, wale wanaotoboa mbao matundu ya mviringo mazuri kuliko yanayotobolewa kwa keekee. Vumbi la mbao lilimwagika kibarazani kila siku. Kwa Wambugu hilo lilikuwa tusi. Alipanda ngazi na kopo la gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, akawa anaziba tundu baada ya tundu.

Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, jua limechangamka, Wakonyo akiwa ameinama kati ya nyanya, aliposikia mvumo ukiingia. Nyuki wa mbao, mmoja, alipita chini ya nailoni iliyokunjwa, akazunguka, akatua kwenye ua. Ua likainama kwa uzito wake. Akalikumbatia kwa miguu, akajikunja, mabawa yakatulia, na mara mlio ukabadilika: ukawa mkali, wa juu, kama uzi wa gitaa unaokazwa. Ua zima lilitetemeka. Na toka ndani yake, kama ungo unaotikiswa, ukamwagika unga wa manjano ukamjaa tumboni.

Akaruka hadi ua la pili. Zzzi. La tatu. Zzzi. Wakonyo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Unga ulikuwa mle siku zote! Ulifungiwa ndani, ukingoja mtu anayeujua wimbo wake.

Alitoka mbio kwa namna ambayo magoti yake hayakuwa yamezoea. Wambugu alikuwa juu ya ngazi.

"Baba Mburu, shuka."

"Nimalizie hii."

"Usizibe! Shuka uone!"

Aliingia akiwa bado ameshika kopo la gundi. Walisimama bega kwa bega. Nyuki alikuwa kwenye ua lililokuwa usawa wa macho yao, na mtetemo wake ulishuka kwenye shina mpaka kwenye fito ambayo Wambugu alikuwa ameishika. Wakonyo aliona vidole vya mumewe vikishtuka.

"Nimeisikia," alisema Wambugu kwa sauti ya chini. "Imenipiga mkononi."

"Inatikisa unga wa kufanya tunda lishike. Zile ndogo za asali haziwezi."

Wambugu alimfuata nyuki kwa macho mpaka alipotoka akarudi upande wa nyumba. Kisha akatazama kopo mkononi mwake.

"Na mimi nimezifungia ndani," akasema.

Mchana huo hakwenda karakana. Alipanda ngazi na patasi, akazibua matundu yote, moja moja, polepole. Katika mengine hapakutoka kitu. Katika machache kilisikika kitu kikijikwaruza, na nyuki akatambaa nje amejaa vumbi, akakaa juani akijipangusa kabla ya kuruka. Wambugu alikaa juu ya ngazi akimngoja kila mmoja. Baadaye akaenda kwa Watiri kuomba nguzo za mkonge uliokwisha toa maua, zile kavu na laini ndani, akazitundika chini ya upenu na pembeni mwa kibanda cha nyanya. Kabla ya mwezi kwisha zilikuwa na matundu, na vumbi la mbao likamwagika mahali ambapo halimkeri mtu.

Nyanya zilishika. Nyuma ya kila ua lililonyauka kilitokea kidude cha kijani kama kichwa cha pini, kikawa kama njegere, kikawa kama yai. Si zote zilizofika. Nyingine zilioza kitako kwa sababu Wakonyo alikwenda arusi kule Kangema akaziacha na kiu, kisha akazinywesha kwa pupa. Nyingine zilidonolewa na ndege walioingia chini ya nailoni. Baridi ya Julai ilizichelewesha nyingine mpaka akakata tamaa nazo. Lakini asubuhi moja palikuwa na wekundu ndani ya kibanda, mmoja, kama kaa la moto lililosahaulika kwenye majani.

Aliichuma nyanya hiyo ikiwa baridi, akawaita Wambugu na Watiri. Walikula watatu wamesimama, bila chumvi, maji yakiwatiririka hadi viwikoni. Watiri alitafuna kwa muda, akakitazama kile kipande kilichobaki, chenye mbegu zilizojipanga ndani ya utelezi wake.

"Mungu wangu," alisema. "Na sisi tunasema hapa ni kwa viazi."

Tangu hapo Wambugu ana kiti humo ndani. Alikitengeneza mwenyewe, kifupi, kinachopita kati ya mistari. Chai ya saa nne anainywea pale, maua yakiwa yamechanua na nyuki wakiwa kazini. Wakonyo akimwita, hajibu haraka. Humkuta ameweka kiganja kwenye fito, macho ameyafumba, akingoja mtetemo upite.