Nduma Zimeshindwa na Nyasi

Usinikodolee macho kana kwamba nimelewa. Nilikuwepo, na masikio yangu bado yanafanya kazi.

Mtaa wetu wa kando ya mto hapa Meru zamani ulikuwa matope, vyura na nduma zetu, yale magimbi ya majimaji. Wenye pesa walijenga kule juu, mbali na mbu. Sasa wameshuka, wameweka geti, na Jumamosi wakaniita kwenye kikao sebuleni kwa mwenyekiti wa mtaa, mimi bibi kizee.

"Shosho, zile nduma zako pale mtoni zinaharibu sura ya mtaa," akasema mwenyekiti. "Tuzing'oe, tupande nyasi."

Mkewe akaleta chai na sahani ya nduma. Mwenyekiti akamenya moja, akafumba macho.

"Hizi ni za mtoni kabisa! Za shamba kavu hazina utamu huu."

"Na mkishazing'oa, mtakula nini?" nikauliza.

"Sokoni ziko tele, shosho."

"Wa sokoni huzitoa wapi?"

Wakachukua nduma nyingine. Kisha wakapiga kura kwa mikono. Mwenyekiti aliinua mkono ule wenye nduma. Nyasi zikashinda.

Siku hizi watu wanapenda mto, mradi tu usizae chochote. Nikabeba sahani nzima, nikatoka, nikafunga mlango.