Bolti yenye Tone la Kijani

Fundi wa magari wa mtaa wa Nyawera hagusi bolti iliyoshikwa na kutu kabla hajamtukana aliyeikaza. Hupiga magoti, husonya, huinusa kama nyama ya juzi, kisha hutoa hukumu. Na akikaza yake mwenyewe, huipaka tone la rangi ya kijani kichwani, ili fundi mwingine asije akajidai kuwa kazi ni yake.

Siku moja maman Adélaïde alisimama kando ya Peugeot yake, akiwaza nyanya zake zinazooza shambani Luvungi kwa kukosa gari la kuzibeba, huku fundi amepiga magoti mbele ya bolti iliyogoma.

“Citoyenne,” fundi akamwita, kama serikali ilivyoagiza raia waitwe, “angalia! Kichwa ya bulon imekuwa muviringo sawa yai. Huyu haiko fundi, iko muchinjaji! Alikamata na koleo sawa mutu anang'oa meno ya mbuzi!” Akagonga patasi, akawalaani mafundi wote wa mtaa wa Kadutu pamoja na waliowafundisha.

“Papa, pangusa kwanza ile grisi,” maman akasema.

Akapangusa. Tone la kijani likamchungulia. Nyundo ikabaki hewani, na maman akakohoa kidogo.

Fundi akairudishia bolti grisi yake kwa kidole gumba, polepole, kama anayefunika maiti.

“Citoyenne,” akasema, “tangu bendera mupya, nani hapa Zaïre hana rangi ya kijani?”