Sahani ya Papa Lukunga

Mwaka jana jirani yangu alipanda vichaka vya buba kuzunguka viazi vyake vitamu ili kufukuza fuko. Asubuhi moja alivunja tawi, harufu ikavuka ua na kunikuta nikianika nguo. Ni harufu ya ubichi, chungu kidogo, inayokaa nyuma ya ulimi. Watu wa ziwani wanaijua: majani yale yakipondwa na kutupwa kwenye kijito, samaki hulewa na kuelea matumbo juu. Mimi haikunikumbusha samaki. Mikono yangu ilitulia juu ya kamba, uso ukakauka, nikasimama vile mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu hapana. Ninyi nitawaambia.

Nilizaliwa Kirungu, juu milimani, kwenye baridi ambayo asubuhi hata moshi wa jikoni unaona uvivu kupanda. Mama yangu alipofariki nilikuwa bado sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Watu walilia sana. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama sisimizi waliokuwa wakiburuta punje ya wali, na nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama wataifikisha. Dada mkubwa wa mama, ambaye kwetu naye ni mama, niliyemwita Mama mukubwa, alikuwa amepanda kutoka Kalemie kwa ajili ya msiba. Aliniangalia kwa muda mrefu. Matanga yalipoisha akasema nitaishi naye.

Tulishuka ziwani, tukapanda mtumbwi wa mota uliosimama Zongwe kupakia samaki wakavu. Upepo ulikuwa mkali. Watu wazima walitapika na kumwita Mungu, nami nilikaa nimenyooka kama gunia la chumvi.

"Huyu mutoto hana hata woga," alisema mwenye mtumbwi.

"Njo maana ninamuchukua," Mama mukubwa akajibu.

Nilidhani ananisifu. Na kweli alikuwa ananisifu.

Alikuwa akiishi peke yake kwenye lupango, kiwanja kidogo chenye nyumba na mpapai. Mume wake, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa amechukuliwa kabla sijafika. Jioni moja kwenye pombe alisema neno juu ya mkubwa wa nchi, kesho yake wakaja watu wawili na gari, na tangu hapo hakuonekana. Katika Zaire ya siku zile hukuuliza mtu wako amepelekwa wapi. Ulifunga mlango, ukapunguza sauti. Lakini aliyelibeba lile neno hadi serikalini mtaa mzima ulimjua. Alikuwa Papa Lukunga, mtu mwembamba wa abakosi ya kijivu, lile koti la watu wa serikali, aliyeishi karibu na reli bila mke wala mtoto. Watoto wakifika mbele ya nyumba yake walikimbia mpaka waipite.

Mama mukubwa alikuwa katika chama cha wanawake waliopika na kulia kwenye misiba. Mkubwa wao alikuwa Mama Zaina, mwanamke mzee wa zile familia za Kiislamu zilizotokana na wafanyabiashara wa ziwa, mwenye sauti laini na vitumbua vitamu kuliko vya mtu yeyote Kalemie. Watu waliwaita Wamama wa Matanga. Hilo lilikuwa jina la upande mmoja. Upande wa pili haukuwa na jina, na waliokuwa wanaujua hawakuutaja. Mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe, au aliyeuliwa mtoto na mtu ambaye sheria haimgusi, alikwenda kukaa kwenye kiti kifupi uani kwa Mama Zaina, akataja jina la mwanamume, kisha akanyamaza. Wamama walipima. Mara nyingi walimrudisha nyumbani na vitumbua. Mara chache walikubali. Hapo, baada ya muda, mngewakuta wakipika kwenye msiba wa mwanamume yule, wakimlilia kwa machozi ya kweli.

Msishangae kwamba nilijua. Nililijua jambo hilo kama watoto wengine wanavyojua kusonga bukari, ugali wetu, kwa kukaa karibu na wanaofanya. Wamama walihitaji mtoto. Mtu mzima akileta chakula, anayeletewa anaangalia mikono yake. Mtoto akileta, anaangalia sahani.

Basi nilifundishwa. Nilitembea juu ya maganda makavu ya mahindi mpaka yakaacha kulia chini ya miguu yangu. Siku moja nilimfikia kuku wa Mama Zaina kwa nyuma bila yeye kusikia. Aliponiona alishtuka hata akataga palepale, wamama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilifungwa macho nikapewa majani ninuse, buba kwanza, halafu mengine ambayo sitayataja, mpaka nikaweza kuyatofautisha kama mnavyotofautisha sauti za ndugu zenu. Nilibeba kikombe kilichojaa pomoni kuzunguka ua huku wakinisimulia mambo ya kuchekesha, au ya kutisha, au wakinifinya. Maji hayakumwagika. "Uso ni mulango," Mama Zaina alizoea kusema. "Weye fungua wakati unataka weye." Wamama wengine walisema walihitaji miaka kuufunga. Mimi nilikuja nao umefungwa tayari. Walinipa vitumbua vya moto kwa ajili hiyo, nikavila, na sikumbuki vilikuwa na ladha gani, ingawa nimewaambia vilikuwa vitamu. Hilo nililisikia kwa wengine.

Siku moja Mama mukubwa alikaa kwenye kile kiti kifupi. Nilikuwa nyuma yake nikipepeta mchele. Alitaja jina la Papa Lukunga, akanyamaza. Mama Zaina hakupima kwa muda mrefu.

Walipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na dagaa wa ndakala, na bukari nyeupe laini. Sombe huficha uchungu. Mchana, wakati watu wamelala kwa joto, Mama Zaina alinipa sahani mbili zilizofunikwa kitambaa, akachuchumaa mbele yangu.

"Utasema kuna arobaini kwetu, tumegawa chakula. Unaweka, unatoka. Akikuambia uonje, anza kulia ukimbie. Mutoto analia, hakuna muntu atashangaa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mama mukubwa alinifunga vizuri kilemba. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Nilitembea kando ya reli. Nakumbuka jua juu ya vyuma na harufu ya mafuta ya treni, na kwamba moyo wangu haukwenda mbio. Mlango wa Papa Lukunga ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa peke yake mezani, abakosi ameitundika kwenye msumari, amebaki na singlendi yenye tundu. Bila ile nguo alikuwa mtu wa kawaida, tena mchovu.

Nilisema niliyotumwa kusema. Alifunua kitambaa, akanusa, akanisogezea maji ya kunawa.

"Kula na miye, mama."

Hapo ndipo nilipotakiwa kulia. Nawaambia ukweli, nilikitafuta kile kilio. Nilikunja uso, nikapumua haraka kama nilivyoona wenzangu wakifanya shuleni wakichapwa. Nikamfikiria mama yangu kwenye mkeka wake. Hakikuja kitu. Na kukimbia bila kulia kungekuwa sawa na kusema. Kwa hiyo nilinawa, nikamega bukari, nikachovya kwenye sombe, nikala.

"Ongeza."

Nikaongeza. Yeye hakuwa anautazama mdomo wangu. Alikuwa anatazama macho.

"Unajua miye ni nani?"

"Papa Lukunga."

"Watoto wote wananikimbia. Weye umeingia kama kwenu. Huniogope?"

"Hapana."

"Na hiki chakula, hukiogope?"

"Hapana," nikasema, kwa sauti ileile.

Aliisukuma sahani mbali. "Nimeona watu wengi wakiulizwa maswali," akasema polepole. "Hata muntu hana kosa, anaogopa kidogo. Mutoto haogope hata kidogo, basi kuna watu walimutengeneza."

Wakati huo midomo yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi, kisha ulimi. Nilimwambia, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa, kwamba siusikii mdomo wangu.

Angeweza kunitoa nje na kufunga mlango. Angeweza kuita gari lenye watu wawili, na wamama wote wangeondoka siku ileile. Badala yake alipasua mayai mabichi, akanimiminia kooni pamoja na mafuta, akanitia kidole mdomoni mpaka nikatapika juu ya miguu yake. Kisha akanipakia nyuma ya baiskeli yake, akanifunga mgongoni kwake kwa ile abakosi ya kijivu, mikono ya nguo hiyo imepigwa fundo kifuani pake. Akakanyaga kuelekea dispanseri katikati ya mchana, singlendi imelowa. Mtaa ulitoka milangoni kutazama. Nilikuwa nimelalia mgongo wake, nasikia moyo wake unavyogonga, na nikafikiri: huyu anaogopa.

Alimwambia muuguzi kwamba ameniokota njiani, kwamba nimekula matunda ya porini. Akaondoka. Yule mtu aliyeishi kwa kutoa majina ya wenzake hakutoa jina hata moja.

Mama mukubwa alipofika alikuwa hana viatu. Alinishika mabega.

"Kwa nini hukulia? Tulikuambia ulie!"

"Nilijaribu," nikasema. "Hakikuja."

Alikaa chini kwenye sementi. Alijifunika uso kwa kitenge, na mabega yakatetemeka bila sauti, maana naye alikuwa amefundishwa. Nilimtazama. Nilidhani analia kwa sababu nimeharibu kazi.

Wamama walilingojea gari. Kila injini iliyopita iliufanya ua wa Mama Zaina unyamaze. Halikuja. Nilipopona, Mama mukubwa alinishika mkono mbele yao wote, akasema, "Huyu si wenu tena. Na lile jina, ninaliondoa." Mama Zaina alimtazama, kisha akageuza vitumbua vyake kikaangoni.

Tulikutana na Papa Lukunga mara moja, njiani kuelekea sokoni. Alisimama. Mama mukubwa naye alisimama, mkono wake umebana wangu hadi mifupa ikauma. Mume wake hakuwa amerudi, na hakurudi kamwe. Kisha Mama mukubwa akasema, "Jambo, Papa," kwa sauti ya mtu anayenyanyua gunia. Akajibu, "Jambo, Mama." Tukapita. Baadaye tulisikia amepanda treni ya Kabalo, na nyumba yake ikakaliwa na familia yenye watoto wengi.

Watu niliowaambia sehemu ya habari hii huniuliza nilimsamehe nani na kumlaumu nani. Sijui. Ninapoigusa, siku ile iko kama mdomo wangu wakati ule: naona ipo, siisikii.

Lakini jambo moja nimelielewa, nikiwa mtu mzima, siku nilipowaona watoto wangu wakigombania kitu kidogo na kulia kana kwamba mbingu imeanguka. Wamama wale hawakuwa wajinga. Walijua majani, walijua nyuso, walijua wanaume. Ila waliponiona walikosea, na Mama mukubwa aliligundua kosa hilo pale chini kwenye sementi. Walidhani wamepata mtoto mwenye moyo mgumu. Walikuwa wamefika kwenye nyumba ambayo mwenyewe ametoka, wakabisha hodi, hakuna aliyeitika, nao wakaisifu kwa utulivu wake.