Paka Aliyehama Jikoni Kwetu

Majivu yaliyopoa yana harufu yake. Majivu ya moto hunukia kuni na viazi vilivyofukiwa, lakini yaliyopoa hunukia kama chumba kilichofungwa siku nyingi, na yakipata unyevu kidogo hutoa ukali unaoganda puani. Nikiingia jikoni kwa mtu nikakutana na harufu hiyo, sikai. Natafuta sababu ya kuaga, narudi nyumbani kwa haraka, na nikifika naenda moja kwa moja kwenye mafiga yangu kuweka kiganja juu ya jiwe, hata kama nimeondoka muda mfupi tu uliopita. Wanangu hunicheka. Tabia hii ilinianza kiangazi kimoja kule kwetu Kanazi, nikiwa na miaka kumi na minne, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini na kuniachia wadogo wawili, nyumba ya bati, migomba, na paka.

Mdogo wangu Fidelis alikuwa na miaka kumi, Jeni mitano. Mama alifariki maharage yake yakiwa bado shambani, kwa hiyo tuliyavuna sisi, tukayapura, na yale mazuri yenye madoa mekundu tukayatia kwenye kibuyu cha mbegu kama alivyokuwa akifanya yeye. Baada ya matanga ndugu walikaa barazani kutugawa. Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, aliishi Biharamulo mjini. Yeye angemchukua Fidelis. Shangazi wa Rusumo angemchukua Jeni. Mimi ningekwenda kwa wajomba. Hakuna aliyesema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kugombana naye.

"Yustina mwanangu," baba mdogo aliniambia, "wewe mwenyewe ni mtoto. Utawalisha nini hawa?"

Niliingia jikoni, nikatoka na kibuyu, nikakiweka miguuni pake. Alichungulia ndani, akachota konzi moja, akazirudisha mbegu taratibu.

"Hizi si chakula."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakuonyesha. Mvua ikija utazikuta."

Aliwatazama wenzake, kisha akanigeukia mimi. "Haya. Mvua ikikaribia nitakuja. Nikizikuta kama nilivyoziacha, mnabaki wote watatu. Zikipungua, usinililie. Tutafanya kama tulivyosema leo."

Basi kiangazi chote nilikihesabu kwa kibuyu kile. Kilining'inia kwenye mti wa paa, juu ya mafiga, mdomo umezibwa kwa majani makavu ya mgomba, na kila nilipopita chini yake nilikitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Shule niliiacha mwezi uleule. Sketi ya sare niliikata nikamshonea Jeni gauni, na kipande kilichobaki kikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Tulikula kwa mpango. Chungu kimoja cha maharage kilikaa siku tatu: siku ya kwanza tulikula na ndizi, ya pili na viazi, ya tatu nilipondaponda yaliyobaki, nikaongeza maji na majani ya maboga, likawa rojo la kulia ugali wa muhogo. Maganda ya ndizi alipewa mbuzi wa jirani, nasi tukapewa maziwa kidogo kwenye kikombe. Dagaa nilinunua sokoni mara moja kwa wiki. Vichwa nilivikata, nikavichemsha pamoja na ukoko wa ugali, na hicho kikawa chakula cha Karani.

Karani ndiye paka wetu. Mama alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na kawaida ya kuketi majivuni, miguu ya mbele imepangwa vizuri, akitusimamia kama karani wa kununua kahawa anayengoja mtu aharibu mizani. Tangu msiba, Jeni alikuwa akimbeba mgongoni kwa khanga ya mama, naye paka, ambaye hakuwahi kukubali kubebwa na mtu, alitulia na kutoa kichwa nje kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimewakataza kumwongezea chakula, maana paka aliyeshiba hawindi, na panya ndio niliowaogopa kuliko kitu kingine chochote. Lakini nilikuwa nikimwona Jeni akificha dagaa mzima kwenye ngumi. Nilijifanya sioni, halafu nikajilaumu kwa kutoona.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kuni. Vichaka vya karibu vilikuwa vimekwisha, na kwenda mlimani na kurudi kulimaliza nusu ya siku, Jeni akibaki peke yake. Tena moshi wa mabua na matawi mabichi ulimfanya akohoe mpaka machozi yakamtoka. Hapo nikakumbuka somo la stadi za kazi la shule ya msingi. Mwalimu wetu alitufundisha kutengeneza kikapu cha kuivishia: unachemsha maharage kwa muda mfupi, unayatia na chungu chake ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba, unafunika kwa blanketi kuukuu, na joto lenyewe linamalizia kazi. Nilikitengeneza kwa siku moja. Nikahamishia mafiga nje, nyuma ya ukuta usiofikiwa na upepo, nikawa nawasha moto mara moja tu asubuhi. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu sasa ulidumu zaidi ya wiki. Jeni akaacha kukohoa. Jikoni nilifagia, nikazoa majivu yote, nikakifuta kibuyu masizi, nikapaka sakafu udongo mweupe. Nilikuwa najisikia mtu mzima. Nilijiambia kwamba baba mdogo akija, hata mama mwenye nyumba wa mjini hatakuwa na jiko safi kama langu.

Baada ya wiki kama mbili hivi, Karani akahama. Alikwenda kwa jirani yetu, Mama Butoyi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Yustina wee!" aliniita akiwa shambani kwake. "Paka wenu kanijia. Nimempokea, lakini mwambieni wageni wa kwangu huja na kuni!"

Fidelis alicheka. "Dada, Karani kaomba uhamisho. Kituo chetu hakina huduma."

"Nyamaza. Nenda kamrudishe."

Alimrudisha mara tatu. Mara tatu paka alizunguka jikoni kwetu, akanusa sakafu yangu nyeupe pale yalipokuwa majivu, akatoka. Jeni aligoma kula siku mbili. Mimi nilikasirika. Nilimwona paka kama ndugu aliyetukimbia wakati wa shida, na nikasema aende zake, panya nitawatega mwenyewe. Nikatega. Sikukamata hata mmoja, nikaona niko salama.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Rwanda, baba mdogo alituma ujumbe kwamba angefika Jumamosi. Nilipanda juu ya kinu kukishusha kibuyu ili nikifute vumbi. Kilikuwa chepesi. Nilipokigeuza, unga laini wa kijivu ulinimwagikia mkononi mpaka kwenye kiwiko, na ndani ya ule unga vidudu vidogo vilikuwa vikitembea. Nikachota maharage. Yalikuwa na matundu, kila moja na tundu lake la duara, kana kwamba mtu amekaa kiangazi kizima na sindano.

Sikuelewa. Kibuyu hakikuwa na ufa, wala hapakuwa na alama ya meno ya panya. Nilikimbia kwa Mama Butoyi, sijui nikitaka nini, labda kumpiga paka. Mwenyewe alikuwa nje akimenya ndizi. Akaitikia shikamoo yangu, nikaingia jikoni. Karani alikuwa amelala majivuni kandokando ya kigogo kilichokuwa kikifuka moshi, moto mdogo kabisa, usiopika chochote. Nilifuata moshi ule kwa macho ulivyokuwa ukipanda. Juu kabisa kilining'inia kibuyu cha mbegu cha Mama Butoyi, cheusi, kinang'aa kwa masizi kama kiatu kilichopigwa rangi. Changu kilikuwa cha manjano, kisafi. Nilikuwa nimekifuta mwenyewe.

Mama alikuwa akiacha kigogo kinafuka mchana kutwa, nami siku zote niliona ni kupoteza kuni bure, kumbe moshi ule ndio uliozuia wadudu wasiingie kwenye mbegu.

Tulitandika mkeka tukachambua, sisi watatu, tangu asubuhi mpaka kuku walipoanza kuingia bandani. Yasiyo na matundu yalijaza kibuyu nusu, labda chini ya nusu.

"Yaliyotobolewa tuyatie chini," Fidelis alisema bila kuniangalia. "Mazima tuyaweke juu. Baba mdogo huchota konzi moja tu. Si ulimwona?"

Nilimwona. Nikajaza kibuyu hivyohivyo alivyosema, tabaka chini na tabaka juu, na kwa mbali kilipendeza. Halafu nikarudisha mafiga ndani, nikawasha moto, na moshi ukapanda. Siku ya pili Karani alirudi bila kuitwa, akaketi mahali pake na kupanga miguu. Jeni alimkumbatia akalia kwa sauti, na tangu mama azikwe hakuwa amelia hivyo.

Jumamosi baba mdogo alifika kwa pikipiki, na begi tupu limefungwa nyuma. Alikuwa ameleta sukari na sabuni. Alipoingia jikoni aliinama mlangoni bila kuangalia, kwa sababu alikulia katika nyumba ile na alijua urefu wake. Aliona paka, akatabasamu. Akaona kibuyu, akanyoosha mkono.

"Hongera mwanangu. Kumbe umeweza."

Ilibaki kunyamaza tu. Fidelis alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Lakini nilimfikiria baba mdogo akirudi mjini akituamini, nasi tukienda shambani kufukia maganda matupu katika udongo wa mama, na njaa ikitukuta Januari bila yeye kujua. Nilikichukua kibuyu mikononi mwake nikakimwaga chote mkekani.

"Nimeyaharibu mimi," nikasema. "Nilizima jiko."

Alichuchumaa. Alifikicha punje moja kati ya vidole ikawa unga. Nje pikipiki ilikuwa bado inatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

"Nusu ya kazi umeifanya," alisema akipangusa vidole. "Jeni abaki na wewe. Fidelis twende."

Fidelis hakunilaumu. Alifunga nguo zake, na kabla hajapanda pikipiki alimchukua Karani, akamnusa kichwani, akamrudisha majivuni. Nilipanda mbegu zile chache, na zilizaa.

Leo Fidelis ni mtu mzima mwenye kazi ya ofisini Biharamulo. Alisoma mpaka mwisho, na mimi na Jeni tusingeweza kumsomesha. Watu huniambia ilikuwa heri, na labda ni kweli. Lakini nilimkuta mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akanisalimia "shikamoo dada" kama mgeni, ameshika mikono nyuma, na salamu ile bado sijamaliza kuisikia. Jeni ameolewa hapahapa Kanazi, nami nina mtungi wa gesi kama watu wengine. Chai inachemka kabla sijakaa. Mbegu zenye dawa ya rangi zinauzwa dukani kwa pakiti. Hata hivyo jiko la zamani sijalibomoa. Kuna kigogo kinachofuka humo mchana kutwa, kibuyu cheusi juu yake, na paka wa kizazi sijui cha ngapi, wote tumewaita Karani.

Mvua inapokaribia, Fidelis hupiga simu. Haulizi habari za afya wala za watoto.

"Dada, Karani yuko wapi?"

"Majivuni."

"Haya."

Hukata. Nami, ambaye nimetoka kumwona paka kwa macho yangu, huiweka simu mezani na kwenda kutazama tena.