Siagi kwenye Viti vya Ngozi

Sogea karibu nikueleze, wewe mwenye gari lenye viti vya ngozi, maana hapa Katesh kila mtu ana ushauri wake na mwingi unaharibu. Nitakueleza kupitia siku niliyonasa mwenyewe ndani ya gari la mteja, kitambaa kikavu mkononi, nisiweze kukitumia.

Mimi ni mzaliwa wa Gendabi, kwenye boma la wafugaji. Aliyenilea ni mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba yangu, na ndiye aliyeumia kuliko wote nilipoacha ng'ombe nikaja kusafisha magari kando ya barabara ya Singida. Hakunigombeza. Alikuwa tu akija mnadani anapita upande wa pili wa barabara, macho mbele, kana kwamba banda langu halipo.

Siku hiyo nilikuwa na gari la mama mmoja mtumishi wa serikali, mgeni kwetu, lenye viti vya ngozi rangi ya maziwa. Angelichukua mchana akitoka kikaoni, awapeleke wageni wake Babati. Nilikuwa nimeshaosha viti kwa povu na brashi laini, nikaenda bombani kusuuza vitambaa. Niliporudi, mlango wa gari ulikuwa wazi na mama mkubwa ameinama juu ya kiti cha dereva, kibuyu kidogo kwapani, kiganja kinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngozi yako imekauka kama ya ng'ombe aliyekufa kiangazi. Huku mjini hamna siagi?"

"Mama, hii si..."

"Si ngozi?"

"Ni ngozi."

"Basi nyamaza."

Alipaka kiti hadi kiti, kama anavyoipaka sketi yake ya ngozi tangu ujana wake, kisha akanyoosha mikono juu yake na kusema maneno ya baraka kwa lugha yetu: gari liende na lirudi, mikono yangu isikose kazi. Akageuza ndoo yangu, akaikalia mbele ya mlango, atazame kazi ambayo hakuwahi kutaka kuiona.

Nikueleze ugumu wake taratibu. Kwetu, siagi uliyopakwa na mzee kwa maneno haifutwi. Kuifuta mbele yake ni kumwambia simtaki, na huyu ndiyo kwanza alikuwa amevuka barabara. Lakini ngozi ya gari si kama ya sketi. Juu yake kuna rangi na utando mwembamba, kwa hiyo siagi hainyonywi. Inabaki juu, inakamata vumbi, na vumbi hilo linakwaruza ngozi kila mtu anapokaa. Inaingia kwenye vitundu vya kiti na kuchacha humo. Na mwenye gari angekaa pale na sketi yake ya kikaoni.

Malori yalikuwa yanapita, vumbi limetanda. Nikaingia ndani, nikafunga milango na vioo. Jua lilipiga bati, siagi ikayeyuka, harufu ikajaa mpaka kooni. Nje ya kioo, uso wa mama mkubwa. Nikishika kiti, anaona. Nikitoka, muda unaenda. Nikaanza kufuta usukani. Nikaufuta tena.

Akagonga kioo. "Mbona unaufuta huo kama unaogesha mtoto? Haujatakata tu?"

Nilifungua mlango kwa sababu sikuwa na pumzi tena. "Mama, gari hili si langu. Ni la mtu. Mchana ataondoka nalo, na baraka zako ataondoka nazo."

"La nani?"

"La mama mmoja wa ofisini."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia ninyamaze."

Akasonya. Halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Kwa hiyo nimembariki mtu nisiyemjua, na wewe umebaki mkavu! Njoo hapa."

Alinipaka kichwa, shingo, mikono mpaka ncha za vidole, akirudia maneno yale yale, safari hii polepole zaidi. "Sasa hiyo ya gari futa. Hii yako usiiguse mpaka jua lizame."

Nikatoka mtego mmoja nikaingia mwingine, maana mikono yenye siagi haishiki kiti. Nilivaa glavu za mpira, nikajifungia tena ndani. Nikakandamiza kitambaa kikavu ili kinyonye, bila kusugua. Nikafuata vitundu kwa brashi kavu. Povu kidogo nikaliweka kwenye kitambaa, si kwenye kiti. Nikakausha, kisha nikapaka krimu ya ngozi, nyembamba sana. Siagi ya kichwani ilinitiririkia machoni na sikuruhusiwa kuifuta.

Mwenye gari alipofika, alimwamkia mama mkubwa, akakaa, akapapasa kiti. "Vimependeza. Ila nasikia harufu ya maziwa."

"Ni huyu," mama mkubwa akasema. "Nimempaka mimi."

Yule mama alinitazama, akatazama glavu zangu na uso wangu unaomeremeta, akasema "Hongera," akawasha gari.

Nilikaa chini pembeni ya ile ndoo, vumbi likinigandia usoni. Sikuweza kunawa, sikuweza kupokea gari jingine. Dereva wa lori alipiga kelele, "Wewe, leo wamekukaanga?" Mama mkubwa hakuondoka mpaka jua lilipozama. Akiinuka, alisema, "Mnada ujao nakuja tena. Nitaleta kibuyu kikubwa."

Wewe, ukikuta mafuta yoyote kwenye kiti cha ngozi, usimwage maji. Kandamiza kitambaa kikavu mpaka kisitoke na mafuta, fuata na povu kidogo, kausha. Kisha bonyeza karatasi nyeupe juu ya kiti. Ikitoka na doa, rudia.