Fundi Vitatu arudi kwenye meza ya kukatia

Taa ya chaja inageuka kijani. Fundi Vitatu anachomoa betri, lakini haipachiki kwenye msumeno. Anaiweka juu ya rafu, mbali na mikono yake.

"Kwanza tujuane," anauambia msumeno mpya ulio mezani. "Betri baadaye."

Ni saa mbili asubuhi ndani ya karakana ya mbao yenye paa la bati na dirisha moja kubwa. Chini ya dirisha hilo ipo meza ya kukatia, na leo meza hiyo ndiyo kesi. Kaka yake, wanayemiliki naye karakana hii waliyoachiwa na baba yao, ameshaongea na fundi mwingine aje Jumatatu kushika kazi ya kukata kwenye meza hiyo. Ndugu hao wamekubaliana hivi: dada akikata leo na mkato ukanyooka, meza ni yake. Ukipinda, anarudi kwenye brashi na vanishi, na maneno yamekwisha.

Vitatu ni vidole vilivyobaki kwenye mkono wake wa kushoto. Miaka miwili iliyopita, msumeno wa zamani, ule ambao diski yake huchomoza katikati ya meza, ulikula cha shahada na cha kati. Mtaa haukukawia. Bandeji haijatoka, jina limeshapachikwa. Mwingine angejifungia ndani. Yeye alichukua kopo la rangi akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: FUNDI VITATU, KABATI NA VITANDA.

"Walitaka kunicheka, nikawapa na bango la kusoma," anasema. "Sasa nani anamcheka nani?"

Tangu ajali amekuwa akipaka rangi tu. Katika kazi hii anayekata hupata karibu mara tatu ya anayepaka, ila anaapa kwamba hela siyo iliyomkera zaidi.

"Nimefundishwa kukata na baba nikiwa na sare za shule mwilini. Halafu nikae nang'arisha mbao alizoziharibu mtu mwingine? Thubutu!"

Msumeno ule wa zamani haupo tena. Kaka aliwauzia watu wa vyuma chakavu dada akiwa bado wodini, bila hata kumuuliza. Dada alinuna, akapaka rangi, akadunduliza. Wiki hii akaingia na boksi la msumeno mpya begani, akalitua mbele ya kaka yake bila salamu.

"Mimi ndiye niliyemwokota pale chini," kaka mtu anamwambia mwandishi pembeni, mikono mfukoni. "Yeye alizimia. Mimi sikuzimia."

Msumeno huu ni wa namna nyingine. Hauna waya. Unapanda juu ya reli ndefu ya alumini inayolazwa kwenye ubao, na diski yake hujificha ndani ya kifuniko mpaka mtu aikandamize chini. Fundi analaza ubao mkuukuu mezani, juu yake plaiwudi, juu yake reli. Anaupandisha msumeno na kuutikisa. Unacheza kidogo.

"Huyu kiuno kimelegea," anasema, na kukaza vifundo viwili vya pembeni, robo kwa robo, mpaka unateleza bila kuyumba.

Anapanga kina cha diski: unene wa reli, unene wa plaiwudi, na nyongeza ndogo ili meno yachungulie upande wa pili. Kisha anashika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto. Dole gumba linazunguka, cha pete na cha mwisho vinabana. Anausukuma msumeno ukiwa hauna betri, anaurudisha, anausukuma tena. Jasho linamtoka. Anakiri kwamba anaogopa.

"Naogopa sana. Lakini nani kasema anayeogopa asikate?"

Mlangoni amesimama jirani yao, fundi wa kuchomelea anayeitwa Cheche.

"Fundi, huo ubao unaukata au unauposa?"

"Wewe ungepima kama mimi, lile geti lako lingefunga."

Cheche anacheka mpaka anashika mlango. Kaka hacheki.

Fundi Vitatu akiulizwa ajali ilitokeaje, anajibu kwa mkato: "Niliitwa, nikageuka." Nani alimwita? "Aliyeita aliita." Anarudi kwenye reli yake.

Ukingoni mwa reli kuna utepe wa mpira mweusi, nao umezidi kidogo kwa makusudi. Siku ya kwanza msumeno huukata utepe huo pamoja na ubao, na kuanzia hapo ukingo wake ndio unaomwonyesha fundi diski itapita wapi. Hukatwa mara moja tu. Mkono ukisita katikati, kovu hubaki kwenye reli mpya na kumkera mwenyewe kila siku. Fundi ameyajua hayo kwenye kijitabu cha maelekezo. Kaka yake hajakigusa.

Anavaa miwani. Anapachika betri. Anavuta pumzi, anabonyeza, anakandamiza.

Msumeno unalia. Unga wa mbao unaruka, na utepe wa mpira unaanza kuchanika ukining'inia kama ganda la chungwa. Kaka anauona, na roho inamruka.

"Mdogo wangu! We! Simama, unakata reli!"

Cheche mwenyewe anashtuka. Fundi Vitatu hageuzi hata shingo. Anasukuma kwa mwendo uleule mpaka mwisho, anaachia kitufe, anangoja diski itulie kabisa, anachomoa betri. Ndipo anageuka.

"Kaka, huo mpira ndivyo unavyotakiwa kukatwa. Na safari hii umeniita, sikugeuka."

Kaka anakaa juu ya rundo la mbao.

"Siku ile ni mimi niliyemwita," anasema, macho sakafuni. "Nilitaka anirushie futi ya kupimia. Futi tu, jamani."

"Najua nani aliniita," dada anamjibu. "Vidole vimepungua, masikio yote mawili ninayo. Kwa kuniita sikukasirika, kila mtu huita. Lakini kunifungia kwenye brashi miaka miwili ili wewe upate usingizi? Hapana, kaka. Hilo nimelikataa."

Anaegemeza rula ya chuma kwenye ukingo wa plaiwudi na kuuinua dirishani. Mwanga haupenyi popote. Kaka anapitisha dole gumba kwenye mkato, anarudia tena, halafu anaokota chaki na kuandika ukutani juu ya meza: MSUMENO UKILIA, ASIITWE MTU.

"Ongeza: hata na kaka," dada anamwelekeza.

Anaongeza.

Jumatatu Fundi Vitatu anaanza milango ya kabati la mteja aliyekataa kupeleka kazi kwingine. Baadaye anataka reli ya pili aiunge na hii, akate mbao za milango mikubwa kwa mwendo mmoja. Kaka anakuna kichwa.

"Na yule fundi niliyeongea naye, nimwambieje?"

Dada anapuliza unga wa mbao mezani kwake, hamtazami.

"Mwambie aje. Brashi ipo."